Maji kwenye mapafu baada ya operesheni ndogo: yalitoka wapi?

Swali: Shikamoo dokta. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 26, mzima kabisa, anabeba vyuma gym, hana presha wala sukari. Wiki iliyopita kafanyiwa operesheni ya nyama za pua, tukaambiwa ni ndogo, saa moja inaisha. Ikaisha vizuri, ila walipomtoa mpira wa kupumulia akabanwa, akawa anapigania hewa, baadae akatoa povu la pinki mdomoni, wakamrudishia mpira na kumpeleka ICU. Siku ya tatu akaruhusiwa. Tumeambiwa maji yaliingia kwenye mapafu. Mama anasema dripu zilizidi na toka amerudi anampimia maji ya kunywa, kikombe asubuhi kikombe jioni. Mjomba anasema ni uji aliokunywa alfajiri. Jirani anasema ilibidi wamchome sindano mbavuni wayatoe. Je, yalitoka wapi? Kuna uzembe hapo? Mapafu yameharibika? Na akihitaji operesheni nyingine?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, poleni sana nyumbani. Kabla sijaeleza chochote, mwambie mama aache kumpimia maji. Kijana katoka ICU, pua ina kidonda, anapumulia mdomo usiku kucha, koo linakauka, alafu anapewa vikombe viwili kwa siku, kichwa kitamuuma, mkojo utakuwa mweusi kama chai ya rangi na hata hicho kidonda cha puani kitakauka kianze kutoa damu. Maji ya kunywa hayaendi kwenye mapafu, yanaenda tumboni, na kwa kijana mwenye figo nzima yakizidi anayakojoa tu. Anywe kiu yake iishe. Watu wa kupimiwa maji wapo kweli, wenye moyo uliochoka na figo zilizofeli, ntawafikia huko mbele, ila yeye sio mmoja wao.

Sasa neno lenyewe "maji kwenye mapafu" ndo linalowagonganisha hapo nyumbani, maana limebeba magonjwa zaidi ya moja na kila mtu kashika lake. Kuna maji yanayokaa nje ya pafu, kati ya pafu na ukuta wa mbavu, pale pana uwazi mwembamba na maji yakijaa yanalikandamiza pafu kwa nje. Hayo ndo anayoyasema jirani, na kweli hayo unachoma sindano unayavuta, yanaweza kutoka hata lita moja na zaidi, ya manjano, na huku kwetu mara nyingi mwenye nayo anakuja kukutwa na TB. Pengine jirani aliwahi kuuguza mtu wa hivo. Lakini ya mdogo wako yalikuwa ndani ya pafu lenyewe, kwenye vifuko vya hewa, na vifuko hivyo ni vidogo mno na ni mamilioni kwa mamilioni, zaidi ya milioni 300 kwa mtu mzima. Ni kama sponji lililolowa, ukilichoma sindano huvuti kitu, tena unaweza kulitoboa pafu hewa ikavuja nje ukawa umempa mgonjwa tatizo la pili. Kwahiyo hawakusahau kumchoma, hapakuwa na pa kuchoma.

Swali lako la yalitoka wapi ndo swali zuri kuliko yote. Yalitoka kwenye damu yake mwenyewe. Ntakueleza yalivyopita.

Mtu akiwa anaamka kutoka kwenye nusu kaputi kuna kipindi kifupi anakuwa katikati, hajalala na hajaamka. Kipindi hicho koo lina hasira sana. Tone la damu au mate likigusa zile nyuzi za sauti, zinajifunga kwa nguvu zote, ni ulinzi tu wa mwili ili kitu kisiingie kwenye njia ya hewa, ila mtu aliyeamka zingefunguka mara moja, huyu wa katikati zinagoma. Tunaita laringospazimu. Operesheni za pua na koo zina hatari zaidi kwasababu damu inachuruzika kwa nyuma kuja kooni, na mvutaji sigara au mtu aliyetoka kwenye mafua juzi juzi anakuwa nayo zaidi tena. Hilo la sigara na mafua muulize mdogo wako taratibu mkiwa wawili, vijana wengi hawasemi mbele ya mama.

Sasa chukua bomba la sindano lisilo na sindano, ziba mdomo wake kwa kidole, alafu vuta ule mti wa nyuma. Unahisi jinsi linavyokunyonya kidole? Ndicho kilichotokea kifuani kwake. Mlango wa hewa umefungwa, yeye anavuta. Nguvu hii tunaipima kwa sentimita za maji, na wewe hapo ulipokaa unasoma, ukivuta pumzi presha kifuani inashuka mpaka kama 8 hivi chini ya sifuri basi. Kijana mwenye misuli akivuta huku mlango umefungwa anaweza kupita 50, wengine wanakaribia 100. Hewa haiji, ila ile nguvu ya kunyonya lazima ivute kitu, inavuta damu nyingi kuja kifuani na inanyonya majimaji ya damu kutoka kwenye mishipa midogo kuyaleta kwenye vifuko vya hewa, ambavyo ukuta wake ni mwembamba mara nyingi kuliko karatasi. Baadhi ya hiyo mishipa inachanika, chembe nyekundu zinavuja nazo, zikichanganyika na hewa na protini unapata lile povu la pinki mliloliona. Yaani zile nguvu zake za gym ndo zilimponza, mzee dhaifu wa miaka 80 asingeweza kuvuta hivo. Kwa watu wazima madaktari waliieleza hali hii mwaka 1977, na mpaka leo wengi wanaopatwa nayo ni hao hao, vijana, wanaume, wazima wa afya, na ndo maana ndugu wanachanganyikiwa kiasi hiki.

Nimeiona kwa macho yangu, na wa kwanza sijamsahau, kijana mbeba mizigo sokoni, kifua kipana. Tulimtoa mpira, akavuta pumzi moja nzuri, ya pili hamna. Kile kishimo cha chini ya koo, juu ya mfupa wa kifua, kikawa kinadidimia kama kuna mtu anakivuta kwa kamba kwa ndani, mbavu zinahesabika, tumbo linapanda kifua kinashuka, na sauti hakuna. Watu wanadhani anayebanwa anapiga kelele, akibanwa kabisa ni kimya. Tukambana barakoa ya oksijeni, taya tukaliinua mbele kwa vidole nyuma ya masikio, tukasukuma hewa kwa mfuko, koo likaachia kwa mlio kama wa jogoo anayejifunza kuwika. Tukashukuru Mungu tukadhani yameisha. Baada ya kama robo saa mashine ya kidoleni, ile inayopima oksijeni kwenye damu, ikaanza kushuka, 97, 92, 88, nikaweka vipimo vya masikio mgongoni nasikia kama mtu anakanyaga majani makavu, alafu akakohoa na ndani ya barakoa kukawa na povu la pinki. Ndo maana siku hizi mtu akishabanwa koo hata kwa nusu dakika simruhusu kurudi wodini haraka, nakaa nae masaa kadhaa.

Matibabu yake ni oksijeni inayosukumwa kwa presha, ama kwa barakoa ya kubana ama kwa kurudisha mpira kama walivyofanya kwenu, ile presha inavisukuma vifuko vifunguke na maji yanarudi polepole kwenye mishipa. Wengi wanapigwa na Lasix pia, dawa ya kukojoza maji, haina ubaya, ila kwa hii aina sio yenyewe inayoponya. Kikishafunguka kila kitu pafu linajikausha lenyewe ndani ya siku moja au mbili. Kijana wenu kutoka siku ya tatu kwa miguu yake ndo mwendo wenyewe wa hii kitu, na ndo sababu kubwa inayonifanya niamini ilikuwa hii.

Mama sasa. Mwambie wasiwasi wake una msingi, dripu kweli zinaua watu, ila mara chache zinaua vijana wa hivi. Operesheni ya saa moja ya pua mtu anapewa chupa mbili hivi, lita moja, mwili wake unazimudu. Kama mnataka uhakika ombeni kuona karatasi ya maji yaliyoingia na mkojo uliotoka, kila chupa inaandikwa pale, hesabuni wenyewe.

Wanaoumizwa na dripu ni wengine, na hapa naomba nikae kidogo kwasababu naliona kila wiki. Chupa moja ya nusu lita ya dripu ya chumvi ina gramu 4.5 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima kwa siku nzima asizidishe gramu 5. Sasa chukua bibi wa miaka 70 mwenye presha na moyo uliotanuka, kavunjika nyonga, kafanyiwa operesheni, anapigwa chupa sita kwa siku, hizo ni lita tatu na gramu 27 za chumvi, tena siku ambayo mwili kwa ule mshtuko wa operesheni unashikilia maji na chumvi, hautaki kukojoa. Siku ya kwanza anaonekana yuko vizuri, maji yamejificha kwenye nyama, miguu inavimba kidogo. Siku ya pili au ya tatu yale maji yanaanza kurudi kwenye mishipa kwa pamoja, moyo unashindwa kusukuma, yanarudi nyuma kwenye mapafu. Usiku anakataa kulala, anataka kukaa, anaegemea dirisha, anasema "nifungulieni hewa", na ndugu wanamwambia bibi tulia lala upumzike. Asilale jamani! Mkimuona hivo mwacheni akae wima, miguu ininginie, mmoja akimbie kumuita nesi saa hiyo hiyo, na mumuulize nesi kama ile dripu inayoendelea bado inahitajika. Huyo Lasix inamsaidia kweli, na huyo ndo wa kupimiwa maji.

Na kuna hili la ndugu kuomba dripu "ya nguvu" kwasababu mgonjwa hajala. Lita nzima ya dripu ya sukari ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari, chini ya kalori 200, hiyo ni kama chapati moja. Mgonjwa anayeweza kumeza, uji wa nusu kikombe kila baada ya mda unamjenga kuliko chupa tatu zinazoning'inia.

Mwingine wa kumchunga ni mama aliyejifungua kwa operesheni akiwa na kifafa cha mimba au ile presha ya mimba yenye protini kwenye mkojo. Mishipa yake inavuja, protini za kushikilia maji kwenye damu zimepungua, na kwa hao tunabana maji yote yanayoingia, dripu na dawa pamoja, yakae kwenye mililita 80 kwa saa hivi. Siku tatu za kwanza baada ya kujifungua ndo za kukaa nae karibu. Akisema kifua kinabana akilala chali, msimwambie ni uchovu wa uzazi. Hata asiye na presha moyo unaweza kutanuka kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba mpaka miezi mitano baada ya kujifungua, kwahiyo hilo neno "nikilala nabanwa" kwa mzazi ni la kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mjomba nae ana hoja, tena nisingependa impite hivi hivi. Mtu akilazwa kwa nusu kaputi tumbo likiwa na chakula, kinaweza kupanda kikaingia kwenye mapafu pamoja na ile tindikali ya tumbo, na tindikali inaunguza pafu na kulifanya livuje maji. Daktari Curtis Mendelson wa New York aliieleza vizuri mwaka 1946 kwa akina mama wa uzazi, na mpaka leo ndo sababu ya kuwafungisha wagonjwa njaa kabla ya operesheni. Kama kweli alikunywa uji alfajiri na hakusema, alicheza na maisha. Ila ingekuwa ni uji, mara nyingi mngeambiwa wamevuta mabaki kwenye mpira, eksirei ingeonyesha zaidi upande mmoja, hasa wa kulia chini, na homa na kikohozi vingeendelea siku kadhaa. Povu la pinki dakika chache baada ya koo kufunga, pande zote mbili, kukauka ndani ya siku mbili, hiyo hadithi inaelekea kwenye koo zaidi kuliko kwenye uji. Mkamwambie ukweli daktari hata sasa, hakuna atakayewagombeza, na mkishindwa kusema hapo basi semeni safari ijayo.

Na kwa wote wanaosoma, masaa ni haya: chakula chepesi masaa 6 kabla, chenye mafuta au nyama 8, maziwa ya mama kwa mtoto 4, maji meupe masaa 2. Uji ni chakula. Chai ya maziwa ni chakula, hii inawaangusha wengi sana, mtu anakwambia "sijala dokta, nimekunywa chai tu", kumbe kikombe kizima cha maziwa.

Uzembe? Siwezi kusema ndio wala hapana kwa kusoma maelezo ya upande mmoja na ningekudanganya nikijaribu. Koo kujifunga kunampata hata mtaalamu makini wa miaka 20. Mimi ningetaka kujua vitu vichache: alipokuwa anaamka kulikuwa na mtu wa usingizi pembeni yake? Mashine ya kidoleni ilikuwa imevaliwa? Oksijeni na mashine ya kunyonya damu kooni zilikuwa tayari? Dakika ngapi zilipita mpaka kurudishiwa mpira? Hayo yote yanaandikwa kwenye karatasi ya usingizi. Nendeni kwa utulivu, mtu mmoja au wawili, mwombe kukaa na daktari wa usingizi aliyekuwepo siku ile awaeleze, na mwombe ripoti ya maandishi ya ruhusa, ni haki ya mgonjwa. Ukiniambia wamejibu vizuri na wameandika kila kitu ntawaamini, wakianza kukwepa hapo ndo muulize zaidi. Kwa ulivyosimulia, kumrudishia mpira na kumpeleka ICU bila kusubiri, hapo walimuokoa.

Mapafu hayajaharibika. Hii aina haiachi kovu kwa kawaida, kifuko kikikauka kinarudi kama kilivyokuwa. Kitu kimoja ningependa afanyiwe kama hakufanyiwa ICU, ni kipimo cha umeme wa moyo na eko ya moyo, yaani ultrasound ya moyo, mara moja tu, ili tusije tukasema ni koo kumbe kuna moyo una tatizo tangu zamani umejificha nyuma ya kifua kizuri. Gym asirudi mpaka daktari wa pua amruhusu, sababu ni kidonda, akinyanyua vyuma damu itatoka puani. Kutembea atembee toka leo. Na mrudisheni hospitali bila kusubiri kesho kama anaanza kubanwa akilala, akikohoa damu, akipata homa na kikohozi cha makohozi mazito, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, huo mguu unaweza kuwa na donge la damu linalopanda mapafuni na hiyo ni habari nyingine kabisa.

Operesheni nyingine anaweza kufanyiwa, msiogope, mtu aliyewahi kupata hii sio kwamba atakufa kila akilazwa kwa nusu kaputi. Ila daktari wa usingizi anayefuata lazima ajue kabla, maana kuna mambo atabadilisha, atamwamsha kwa namna nyingine, atasafisha koo kwa macho kabla ya kutoa mpira, na kama ni ya chini ya kitovu anaweza kumchoma sindano ya mgongo asilale kabisa. Akiwa na mafua au kikohozi iahirishwe kama sio ya dharura. Sigara, kama anavuta, aache wiki kadhaa kabla, akiweza aache moja kwa moja. Na muulizeni anayelala nae chumba kimoja kama anakoroma na kukatika pumzi usiku, hilo nalo daktari alijue.

Shida ni kwamba baada ya miaka mitano nyumbani mtakuwa mnakumbuka tu "maji kwenye mapafu", na daktari akisikia hivo atafikiria moyo au TB. Kwahiyo chukua karatasi leo, andika hivi, ukunje uweke nyuma ya kadi yake ya bima na upige picha ikae kwenye simu yake na yako: "Mwaka huu, baada ya operesheni ya pua kwa nusu kaputi, koo lilijifunga alipotolewa mpira, akapata maji ya ghafla kwenye mapafu, alirudishiwa mpira, alikuwa ICU, alipona siku ya tatu." Weka na tarehe.